Filbert Bayi: Mwanajeshi wa Tanzania aliyekimbia mbele ya wote, na njia ya jeshi na chuo katika riadha ya Afrika Mashariki

Filbert Bayi Sanka ni mmoja wa wanariadha mashuhuri kabisa waliowahi kutoka Afrika Mashariki. Aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 na ile ya maili moja mwaka 1975. Mwaka 1980 alinyakua medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Miaka yote hiyo alikuwa mtumishi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Baadaye aliongoza michezo nchini mwake na kuanzisha shule.

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili wa Rubavu, waliozoea kuiona klabu ya jeshi, Marine FC, ikicheza katika Uwanja wa Umuganda, uhusiano wa kambi na uwanja si jambo geni. Maisha ya Bayi yanaonesha manufaa ya uhusiano huo kwa kijana mwenye kipaji. Yanaonesha pia gharama yake, kwa maana aliyelelewa na dola hana budi kuitika dola inapoita.

Mtoto wa Karatu

Bayi alizaliwa Juni 1953 huko Karatu, kaskazini mwa Tanzania, katika nyanda za juu zilizo kwenye njia ya kuelekea Ngorongoro. Eneo hilo lina mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambao haupishani sana na ule wa Gisenyi, kwani uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mita zipatazo 1,460.

Alipokuwa mtoto, jina lililotajwa kila palipozungumzwa mbio lilikuwa la Kipchoge Keino wa Kenya. Keino alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na kwa kazi alikuwa askari polisi, mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo. Vijana wengi wa ukanda huu walijifunza kutokana na mfano wake kwamba sare inaweza kuwa njia ya kufikia uwanja wa kimataifa.

Bayi aliifuata njia hiyo. Aliingia jeshini akiwa kijana na kufanya kazi ya ufundi wa ndege katika kikosi cha anga, jijini Dar es Salaam. Husimuliwa kwamba alikuwa akifanya mazoezi kwa kufukuzana na mabasi ya jiji. Basi liliposimama kituoni kushusha abiria alilipita, nalo likiondoka huanza tena kulikimbiza. Simulizi hilo lina mafunzo ndani yake kwa anayejua ukufunzi, maana kukimbia kwa kasi, kupunguza mwendo na kuongeza kasi tena ni zoezi ambalo makocha huwapa wanariadha wa masafa ya kati kwa saa mkononi.

Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 19, aliiwakilisha Tanzania katika Olimpiki ya Munich, katika mita 1,500 na katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hakuvuka mchujo katika mbio zote mbili. Miezi michache baadaye, Januari 1973, alikwenda Lagos kwenye Michezo ya Afrika na kushinda mita 1,500. Aliyemaliza wa pili alikuwa Keino mwenyewe.

Christchurch, 2 Februari 1974

Desturi ya mbio za mita 1,500 ni ya tahadhari. Wakimbiaji wakubwa hujificha katikati ya kundi, humwacha mwingine apambane na upepo, kisha huchomoka katika mita 300 au 200 za mwisho. Bayi aliikataa desturi hiyo. Alitoka mbele tangu bastola ilipolia na kuwalazimisha wenzake wachague: wamfuate kwa kasi ambayo ingewaunguza, au wamwachie pengo ambalo huenda wasilizibe kamwe.

Katika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, alifanya hivyo mbele ya watazamaji waliokuja kumshangilia kijana wao, John Walker. Bayi aliongoza mzunguko wa kwanza, wa pili na wa tatu. Katika mzunguko wa mwisho Walker alianza kumkaribia, na nyuma ya Walker alikuwepo Mkenya Ben Jipcho. Bayi hakukatika. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, Walker akafuata kwa 3:32.52 na Jipcho kwa 3:33.16.

Rekodi ya dunia ya wakati huo ilikuwa 3:33.1, iliyowekwa na Mmarekani Jim Ryun mwaka 1967. Walker naye alikuwa ameivunja, lakini akamaliza wa pili. Ni nadra katika historia ya riadha mtu kukimbia kasi kuliko rekodi ya dunia na bado akashindwa.

Rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi Agosti 1979, Mwingereza Sebastian Coe alipoishusha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu zaidi, kwa miaka 48. Ilivunjwa mwaka 2022 mjini Birmingham, pale Oliver Hoare wa Australia aliposhinda kwa 3:30.12. Nchini Tanzania kwenyewe, hakuna aliyeipita katika nusu karne iliyofuata.

Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0 na kuipiku rekodi nyingine ya Ryun, ya 3:51.1. Hiyo haikudumu miezi mitatu. Tarehe 12 Agosti mwaka huohuo, Walker alikimbia 3:49.4 mjini Gothenburg, Sweden, na kuwa mtu wa kwanza kumaliza maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Dunia ya riadha ilianza kuhesabu siku za kuelekea Olimpiki ya Montreal, ambako wawili hao walitarajiwa kukutana tena.

Montreal, 1976: mbio zisizokimbiwa

Hawakukutana. Mwaka 1976 timu ya taifa ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Ziara hiyo ilifanyika wakati damu ya wanafunzi wa Soweto, waliouawa kuanzia tarehe 16 Juni mwaka huo, ilikuwa haijakauka. Nchi za Afrika ziliitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iiondoe New Zealand katika michezo. Kamati ilikataa kwa hoja kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika, hazikushiriki.

Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo. Chini ya Rais Julius Nyerere, nchi hiyo ilikuwa makao ya vyama vya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na kwake suala la Afrika Kusini halikuwa la kujadiliwa upya kwa ajili ya medali. Bayi alikuwa mwanajeshi wa nchi hiyo. Kwa mwanajeshi, uamuzi wa serikali ni amri, na hakuna mlango wa pembeni wa kwenda Montreal kwa jina lake binafsi.

Hakuwa peke yake katika hasara hiyo. John Akii-Bua wa Uganda, afisa wa polisi aliyeshinda dhahabu ya mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, hakupata nafasi ya kulitetea taji lake. Mmarekani Edwin Moses alilitwaa kwa sekunde 47.64 na kuichukua rekodi pia. Mkenya Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 mjini Munich, naye alibaki nje. Walker alishinda mita 1,500 kwa 3:39.17, muda uliokuwa nyuma sana ya ule aliokimbia alipoburutwa na Bayi mjini Christchurch.

Nani angeshinda, hakuna awezaye kusema. Mwaka ule Bayi alisumbuliwa na malaria, ugonjwa uliomwandama katika miaka yake ya mashindano, na huenda asingefika akiwa na nguvu zake zote. Jambo lisilo na shaka ni kwamba mwanariadha wa masafa ya kati ana miaka michache ya kilele, na Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne. Wanariadha wa Afrika walilipa gharama ya msimamo ambao dunia nzima baadaye ilikuja kuukubali kuwa wa haki. Ubaguzi wa rangi ulianguka, Afrika Kusini ikarudi uwanjani mwaka 1992, lakini fainali ya 1976 haikuweza kurudishwa.

Moscow, 1980: viunzi na maji

Mwaka 1978 Bayi alitetea taji lake la mita 1,500 katika Michezo ya Afrika mjini Algiers. Mwaka huohuo, mjini Edmonton, Kanada, alipoteza taji la Jumuiya ya Madola kwa Mwingereza David Moorcroft kwa tofauti ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Kizazi kipya cha Waingereza kilikuwa kinaingia, na Bayi akaamua kurudi kwenye mbio alizozijaribu akiwa kijana mjini Munich, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji.

Katika fainali ya Moscow alikimbia kama alivyokimbia siku zote. Alitoka mbele na kufungua pengo kubwa, kiasi kwamba hadi mizunguko ya mwisho wenzake walionekana wako katika mashindano mengine. Lakini viunzi vina hesabu yake. Kila kizuizi huiba nguvu kidogo, na shimo la maji humdai zaidi aliyechoka. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland, mzoefu wa mbio hizo, alimfikia na kumpita. Malinowski alimaliza kwa 8:09.70, Bayi kwa 8:12.48, na Eshetu Tura wa Ethiopia akachukua shaba.

Siku moja baadaye, Mtanzania mwingine, Suleiman Nyambui, alipata fedha katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Tangu siku hizo mbili, Tanzania haijapata medali nyingine yoyote ya Olimpiki.

Njia mbili: kambi na chuo

Nyambui alifika Moscow kwa njia tofauti. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani, ambacho katika miaka hiyo kilikusanya wakimbiaji wengi wa Afrika na kutwaa mataji ya vyuo vikuu vya nchi hiyo. Mwaka 1980 yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa vyuo katika mbio za nyika. Mtanzania mwenzake, Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, naye alipitia El Paso.

Mfumo wa Marekani humpa mwanariadha ada, malazi, kocha na mashindano ya kila wiki, naye hulipa kwa kukikimbilia chuo na kuendelea kufaulu masomoni. Mwishoni anaondoka na shahada, hata kama miguu imechoka. Kasoro yake ni kwamba chuo humtumia mwanariadha wake sana, na wengi walirudi nyumbani wakiwa na mataji ya vyuo huku miaka yao bora ikiwa imepita.

Mfumo wa jeshi humpa mshahara, chakula, matibabu, muda wa mazoezi na, baada ya mbio, kazi. Haumtoi katika nchi yake wala lugha yake. Ndiyo sababu umezaa mabingwa wengi. Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu, alikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na kocha wake, Onni Niskanen, alikuwa mwanajeshi wa Sweden aliyekwenda Ethiopia kufundisha. Wilson Kiprugut Chumo, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964, na Naftali Temu, aliyeipatia dhahabu yake ya kwanza mwaka 1968, wote walitoka jeshini.

Njia hizo mbili ziliwahi kukutana mita chache kabla ya utepe. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 1988, Juma Ikangaa, afisa wa JWTZ, na Ibrahim Hussein, Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha New Mexico, walifika pamoja hadi barabara ya mwisho. Hussein alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa alimaliza sekunde moja nyuma yake. Mwaka uliofuata Ikangaa alishinda marathoni ya New York kwa 2:08:01, muda uliokuwa rekodi ya njia hiyo.

Baada ya mbio: darasa

Swali gumu kwa kila mwanariadha ni atafanya nini siku miguu inapokataa. Keino alifungua kituo cha watoto yatima na shule mjini Eldoret. Boit aliendelea na masomo Marekani na kurudi kuwa profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nyambui aligeukia ukocha na uongozi wa chama cha riadha cha Tanzania.

Bayi naye alichagua elimu. Yeye na mkewe walianzisha shule zinazobeba jina lake, Kimara jijini Dar es Salaam na Mkuza, Kibaha, mkoani Pwani. Mwaka 2003 iliundwa taasisi yenye jina hilohilo inayotumia michezo kuwafikia vijana. Kwa takriban miongo miwili alikuwa pia katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Uchaguzi huo una mantiki yake. Jeshi humpokea kijana akiwa na umri wa miaka 18 au zaidi. Haliwezi kumfundisha namna ya kukimbia akiwa na miaka kumi, wala kumtambua akiwa darasa la tano. Kazi hiyo ni ya mwalimu wa elimu ya viungo, ambaye katika shule nyingi za ukanda huu kipindi chake ndicho cha kwanza kufutwa mitihani inapokaribia. Tanzania ina mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, na ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, mkoani Mwanza, kinachoandaa wakufunzi. Hata hivyo, rekodi ya mita 1,500 iliyodumu tangu 1974 ni sifa kwa aliyeiweka na shutuma kwa mfumo uliomfuata.

Njia ya kambi, kwa upande wake, haijafungwa. Mwezi Septemba 2025, katika Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mwanajeshi wa JWTZ, alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huohuo, na picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyoamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo.

Lipi linaihusu Rwanda

Rwanda ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1984 mjini Los Angeles, na hadi michezo ya Paris ya 2024 haikuwa imepata medali. Katika michezo ya Olimpiki ya watu wenye ulemavu, Jean de Dieu Nkundabera alileta shaba ya mita 800 kutoka Athens mwaka 2004. Jirani zake wa Burundi wanaye Vénuste Niyongabo, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 1996, na Francine Niyonsaba, aliyepata fedha ya mita 800 mwaka 2016. Milima ni ileile, hewa ni ileile. Kwa hiyo sababu ya tofauti haiwezi kutafutwa kwenye ardhi.

Jeshi la Rwanda tayari lina utamaduni wa michezo. Klabu ya APR ni miongoni mwa vigogo wa soka nchini, na majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ilijiunga nayo mwaka 2007, hukutana katika michezo yao ya pamoja. Kwa upande mwingine wapo watoto wa Rugerero, Nyundo, Kanama na Nyamyumba, wanaopanda na kushuka vilima kila siku bila mtu yeyote kuwapima muda. Kati ya watoto hao na klabu ya jeshi ipo nafasi ambayo haiwezi kuzibwa na sare wala na tiketi ya chuo cha ng'ambo.

Nafasi hiyo ni ya mwalimu mwenye filimbi, uwanja uliosawazishwa, kipindi kisichofutwa na daftari la kuandikia muda wa kila mtoto. Ni vitu vya gharama ndogo kuliko kambi ya mazoezi ya timu ya taifa, na ndivyo Bayi alivyovigeukia alipovua viatu vya mbio.